Barua kwa mwanangu: uliza kwanza hoteli iko karibu na nini

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Huku sote hatujambo, baba yako anakusalimu, na mdogo wako anakukumbusha viatu vyake. Juzi uliponipigia kuuliza ulale wapi ukifika Guangzhou, China, nilikujibu neno moja tu, Xiaobei, maana dukani wateja walikuwa wamesimama. Jibu hilo halitoshi. Umekua ukiniona naondoka na begi jepesi na kurudi na viroba, wewe ukibaki kwa bibi au kwa mama mkubwa, na hapo katikati hukuwahi kujua kichwa nakilaza wapi. Sasa mzigo unaufuata mwenyewe. Nimeona nikuandikie kwa kirefu, kwa sababu biashara inayotulisha imekulia kwenye vyumba hivyo, na kwa sababu kimoja kati yake kilimhifadhi bibi yako akiwa mgonjwa, habari ambayo mpaka leo sijakusimulia.

Watu wakitafuta hoteli huanza na bei, kisha picha. Mimi huanza kwa kuuliza iko karibu na nini. Chumba kizuri kilicho mbali na kazi yako kinakula nauli na kinakula saa, na usiku kinakuacha peke yako kwenye mtaa usiomjua mtu. Chumba cha kawaida kilicho hatua chache kutoka sokoni ndiyo stoo yako, ndiyo ofisi yako, ndipo utakaposwali adhuhuri na kunyoosha miguu. Nimeliona hilo kila nchi niliyokwenda.

Ndiyo maana nikasema Xiaobei. Iko wilaya ya Yuexiu, na kituo chake cha metro kiko kwenye laini namba 5. Ukitokeza juu, ulizia jengo la Tianxiu, ambalo kila Mwafrika aliyefanya biashara Guangzhou analijua: chini maduka, juu ofisi na makazi ya watu. Mitaa ya pembeni imejaa migahawa ya Waislamu wa China, Wahui na Wauighuri. Mikate inabandikwa kwenye kuta za tanuri, kondoo anachomwa mishikaki mlangoni, na tambi za Lanzhou fundi anazivuta kwa mikono mbele yako mpaka unashangaa hazikatiki. Masoko ya nguo hayako mbali. Baima ni pale karibu na stesheni kuu ya treni, na Canaan ni kule Sanyuanli. Utanunua asubuhi, utarudi chumbani kuweka sampuli, utaosha uso na kutoka tena. Anayelala ng'ambo ya mto hawezi kufanya hivyo.

Tarehe nazo ziangalie vizuri, maana umesema Oktoba. Tarehe 1 Oktoba ni sikukuu ya taifa la China, na viwanda na ofisi nyingi hufunga karibu wiki nzima. Tarehe 15 yanaanza Maonesho ya Canton, maonesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yale yaliyoanzishwa mwaka 1957 na yanayofanyika kila majira ya kuchipua na kila vuli kwenye mtaa wa Pazhou. Maonesho yakianza, bei za vyumba zinapanda mji mzima, hata kwenye hoteli ambayo haijui Pazhou iko wapi. Ukiweza, ingia mara viwanda vinapofunguliwa na uwe umemaliza kuagiza kabla ya tarehe 15. Ukishindwa, subiri Novemba maonesho yakiisha. Usikubali ajenti akuingize katikati kwa sababu tu tiketi yake ya ndege ilikuwa rahisi.

Mapokezi watakuomba pasi, wataiskani na kupiga picha. Usihofu. Sheria ya China inataka kila mgeni aandikishwe polisi ndani ya saa 24, na hoteli inakufanyia kazi hiyo. Wale wanaofikia kwenye nyumba za ndugu na marafiki wanapaswa kujiandikisha wenyewe kwa polisi, na wengi huona uvivu mpaka siku ya ukaguzi. Watakuomba pia amana, pesa inayoshikiliwa mpaka utakapoondoka. Stakabadhi ya amana itunze kama unavyotunza pasi. Kadi ya mlango ndiyo pia inayowasha umeme, unaichomeka kwenye kijisanduku ukutani ukiingia. Kwenye lifti nyingi hutaona kitufe cha ghorofa ya 4, wenyeji wanaikwepa namba hiyo, kwa hiyo usidhani umepotea. Chukua kadi za hoteli zenye anwani kwa herufi za Kichina, moja iweke kwenye pochi na nyingine kwenye sidiria. Dereva wa teksi hatakuelewa kwa Kiingereza wala kwa ishara, lakini kadi ataisoma na kukufikisha mlangoni.

WhatsApp na Google kwenye waifai ya hoteli hazifunguki. Pakua WeChat, ile ya Wachina ya kutumiana ujumbe, ukiwa hapa Dar, uhakikishe inafanya kazi, na mimi nimeshapakua yangu ili usiku tuongee.

Lazima nikuambie na hili. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba walizopanga, hoteli zikawakataa, na wengine wakalala barabarani na mabegi yao. Mabalozi wa nchi za Afrika walioko Beijing waliandika barua ya pamoja kulalamika. Mimi nilikuwa nyumbani, nikawasikia wenzangu kwenye simu, tuliokula nao sahani moja, na nililia. Hata kabla ya hapo, kuna hoteli ndogo niliyowahi kuingia usiku na mabegi yangu, binti wa kaunta akatikisa kichwa na kuniambia wageni hawapokelewi, wakati mbele yangu Mchina alikuwa amepewa ufunguo. Mwaka 2024 serikali yao iliagiza hoteli zisimkatae mgeni kwa kisingizio kwamba hazina kibali cha kupokea wageni. Agizo ni jema, lakini wewe piga simu kabla ya safari, uulize kwa jina kama wanapokea pasi ya Tanzania, na jibu lao lichapishe ulibebe. Nchi ile ina watu wema wengi mno, nami nimekula vyao. Mwanangu hatasimama barabarani usiku na mabegi wakati mimi ningeweza kumwambia mapema.

Ijumaa usifanye biashara mchana. Nenda msikiti wa Abi Waqqas, karibu na bustani ya Yuexiu, ambako Waislamu wa kule husimulia kwamba ndipo alipozikwa sahaba Sa'd bin Abi Waqqas. Chini ya miti ya msikitini utakuta Wachina, Waarabu, Wasenegali, Wasomali, Wapakistani na Waswahili wenzetu wamepanga safu moja, wengine wakiswali nje juu ya mikeka. Nje ya lango kunauzwa nyama na mikate. Habari nyingi za biashara nilizipata pale, kiwanda gani kinachelewesha, kontena gani lina nafasi, kuliko kwa ajenti yeyote.

Kabla sijaizoea Guangzhou, tulikuwa tunafuata simu Hong Kong. Ulikuwa mdogo, lakini huenda unakumbuka boksi zile zilizojaa chini ya kitanda changu. Kule nilikuwa nalala Chungking Mansions, barabara ya Nathan, Tsim Sha Tsui. Jengo lilifunguliwa mwaka 1961, lina ghorofa 17 na bloku tano, A mpaka E, na ndani yake gesti zimebananishwa juu ya gesti. Chini wanauza simu, wanachenji pesa, wanakaanga sambusa. Kila bloku ina lifti mbili ndogo, moja ya ghorofa za namba shufwa na nyingine ya namba witiri, na foleni inapinda mpaka kwenye maduka. Ukiingia na begi kubwa, kengele ya uzito inalia, wa mwisho anatoka bila kuambiwa.

Chumba changu kilikuwa kidogo hivi kwamba begi nililifungulia juu ya kitanda, sakafuni hapakuwa na nafasi. Bomba la kuogea lilining'inia juu ya choo chenyewe, kwa hiyo unaondoa karatasi kwanza, kisha unaoga. Dirisha lilitazama shimo la katikati ya jengo, mabomba juu mpaka chini, na viyoyozi vya majirani vikidondosha maji usiku kucha. Lakini shuka zilikuwa safi, kitasa kilikuwa imara, na jirani, hapo hapo barabara ya Nathan, ulikuwepo msikiti wa Kowloon, wa marumaru nyeupe, uliofunguliwa mwaka 1984. Ningependekeza kwa mtu mwenye hofu ya mahali pafinyu? Hapana. Mimi nilipapenda.

Nilikuwa kwenye chumba hicho siku walipopandisha ishara namba 8 ya kimbunga. Hong Kong wana ngazi zao za onyo, na ikifika namba 8 shule zinafungwa, benki zinafungwa, feri zinasimama, na watu wanakimbilia majumbani kabla upepo haujafika. Sisi wa gesti tulibaki korido, kila mtu kaacha mlango wazi. Mama wa Kifilipino aliyekuwa anatunza gesti akapika sufuria moja ya wali na mayai kwa ajili ya wote. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Ghana, mtu mzima wa makamo, alikaa kwenye kindoo kilichopinduliwa akanifundisha kukagua simu: bonyeza *#06#, itokee namba ya IMEI, uilinganishe na iliyoandikwa chini ya betri na iliyo kwenye boksi. Zikitofautiana, irudishe bila kujadili bei. Upepo ulikuwa unapiga kelele ndani ya lile shimo la mabomba, na yeye anarudia, linganisha zote tatu, dada yangu. Wale walionunua barabarani bila kukagua walirudi Kariakoo wakauza kwa hasara. Somo lile limetulipia ada yako ya shule, na nililipata kwa sababu nililala walikolala wenye kazi kama yangu.

Bangkok ndiyo niliyoipenda kwa moyo. Kule tulifuata nguo za kike, soko la Pratunam. Ukitafuta chumba Pratunam huwezi kupotea, kwa sababu hoteli ya Baiyoke Sky imesimama katikati ya soko, na kwa miaka mingi hapakuwa na jengo refu kuipita nchi nzima. Sikulala humo. Nililala kwenye vichochoro vya chini yake, gesti yenye ngazi za mbao na mlango wa kioo. Mlangoni walikuwa na kijumba kidogo juu ya nguzo, cha kuheshimu mizimu ya mahali pale, na kila asubuhi mwenye gesti alikuwa akiweka mbele yake maua, uvumba, na chupa ya Fanta nyekundu iliyofunguliwa, na mrija umeshatiwa. Hayo ni ya dini yao na sikuyashiriki. Ila nilimheshimu mama yule, maana hakuwahi kufungua mlango wa wateja kabla ya kumaliza ibada yake.

Kwenye lifti za hoteli za Bangkok utaona picha ya doriani iliyopigwa mstari mwekundu: marufuku kuingia nalo chumbani. Bibi yako, ambaye aliwahi kuishi Unguja na alikuwa anajua doriani linavyonuka nyumba nzima, nilipomsimulia alisema Wathai ni watu wenye akili. Tulilila barabarani, tumesimama, na muuzaji akatupa glavu za plastiki.

Asubuhi saa mbili na jioni saa kumi na mbili, wimbo wao wa taifa unapigwa kwenye stesheni na bustani, na kila mtu anasimama alipo. Nawe simama. Sokoni tulikwenda kwa boti za mfereji wa Saen Saep, unaopita hapo hapo Pratunam. Maji ni meusi, na boti zikipishana abiria wanavuta kamba kupandisha turubai la pembeni ili wasirushiwe. Kamba iliyo karibu na siti yako ni kazi yako, ukizubaa wenzako wote wataloa.

Chakula halali nilikuwa nakifuata kwa miguu kando ya mfereji huo, upande wa Ban Khrua. Ni mtaa wa Waislamu wa asili ya Kicham, wafumaji wa hariri tangu enzi za mababu zao, na Mmarekani Jim Thompson alijenga biashara yake ya hariri ya Kithai kwa kununua kazi ya mikono yao. Wazee wa pale wakiniona na ushungi walinikaribisha kwanza kabla ya kuniuliza nataka nini. Nguo za Pratunam zimetupa faida. Lakini mtaa ule ndio ulionirudisha Bangkok hata mwaka ambao bei za China zilikuwa chini zaidi.

Dubai sitakuchosha nayo, utapita tu, na wenzako wote wanaijua. Nakuambia moja: enzi zetu, kabla ya metro kuanza mwaka 2009, tulilala Deira upande wa Nasser Square, kina mama wanne chumba kimoja kubana matumizi, na usiku wa mwisho hakuna aliyelala. Mizani ya kuning'iniza ilipita mkono kwa mkono, mabegi yakifunguliwa na kufungwa upya kwa solotepu, kila mtu akimtafutia mwenzake kilo zilizobaki. Wenzangu wale ndio mashangazi zako wa sasa. Ukipata saa chache, panda kivuko cha abra, utalipa dirhamu 1, uone majahazi yaliyofunga gati la Deira na mizigo iliyopangwa ukingoni bila mlinzi.

Sasa Chennai.

Mwaka 2011 bibi yako alipopewa rufaa ya kwenda kutibiwa moyo India, ulikuwa shule ya msingi, na tulikuambia anakwenda kupimwa. Siku hizo wagonjwa wengi wa moyo walipelekwa huko. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hapo Muhimbili ilianza mwaka 2015, na leo pengine angetibiwa hapo tukimpelekea uji kila asubuhi. Basi tulikwenda Apollo, hospitali aliyoianzisha Dk. Prathap C. Reddy mwaka 1983, iliyo barabara ya Greams. Mimi nilikuwa nimezoea kutafuta vyumba vya soko. Nikatumia swali langu lile lile, na safari hii jibu lilikuwa: karibu na mlango wa hospitali, na karibu na jiko.

Mitaa ya kuzunguka barabara ya Greams imejaa loji za watu wa namna yetu, mgonjwa na msindikizaji. Mabango mengi yameandikwa Kibengali, ingawa mji ni wa Kitamil, kwa sababu wagonjwa wanatoka kwa wingi Bangladesh na Bengal Magharibi. Mwenye loji alijaza fomu ya wageni, Fomu C, ambayo kila hoteli ya India inapaswa kuipeleka serikalini ndani ya saa 24, akanikabidhi ufunguo, na swali lake la kwanza halikuwa la pesa. Aliuliza, mgonjwa anaweza kupanda ngazi?

Umeme Tamil Nadu wakati ule ulikuwa wa mgao, na lifti ya loji ilikuwa inazima nao. Kesho yake nilipoamka nikakuta kwenye kila kona ya ngazi kimewekwa kiti cha plastiki, cha bluu, na kitambaa kimekunjwa juu yake. Mwenye loji alikuwa ameviweka kwa ajili ya bibi yako. Bibi alipanda ngazi zile kiti kwa kiti, anakaa, anavuta pumzi, anasoma Fatiha, anaendelea. Nimelala kwenye hoteli zenye bwawa juu ya paa. Hakuna iliyowahi kunifanyia jambo kubwa kuliko viti vile.

Jiko lilikuwa la watu wote wa ghorofa, mafiga mawili ya gesi na meza ya bati. Unga wa sembe nilibeba kutoka nyumbani. Mama mmoja wa Bangladesh, aliyekuwa anamuuguza mumewe, alikaanga samaki kwa mafuta ya haradali, na harufu yake ilikuwa inanifanya nilie machozi, kisha nikaizoea na kuililia. Alinigawia samaki, mimi nikamgawia ugali. Lugha hatukuwa nayo hata moja ya kuongea. Siku daktari alipotoka na habari nzuri za mumewe, alinishika mikono jikoni pale, na nilielewa kila kitu.

Na ukumbini, siku moja, bibi yako akasikia mtu anaomba maji kwa Kiswahili. Alikuwa bibi kizee wa Muscat, mzaliwa wa Zanzibar, kaletwa na wanawe kutibiwa magoti. Kuanzia hapo sikuwa na kazi ya kumliwaza mama yangu. Walikaa wawili kwenye kibaraza cha loji kutwa nzima, mmoja wa Tanga mmoja wa Unguja, wakitajiana harusi, ngoma, kanga za zamani na majina ya watu waliokwisha kufa. Madaktari walisema mapigo yake yametulia kabla ya upasuaji. Mimi najua yalitulizwa na nini.

Mlangoni alikuwa anakaa muuza maua. Wanawake wa Chennai wanavaa asumini nywele nyuma, zimefumwa kwenye uzi, na wanauziana kwa mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Bibi yako, aliyezoea vikuba tangu usichana, alisimama pale akatazama jinsi mama yule anavyopima, kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe, akamwonesha kwa vidole kwamba wake ni mrefu zaidi, na kwamba atanunua kwa mkono huo. Muuzaji akacheka, akampimia. Kila asubuhi baada ya hapo ilikuwa hivyo, na siku ya upasuaji, alipoambiwa hawezi kuingia na maua, alinipa mimi niyavae mpaka atoke.

Alitoka salama, alhamdulillahi, na valvu mpya. Ilibidi tubaki loji mpaka daktari aruhusu kupanda ndege, na alfajiri moja alipopata nguvu tulichukua bajaji mpaka ufukwe wa Marina. Jua linachomoza baharini kule, kama Tanga. Alikaa mchangani akala kipande cha nazi. Aliishi akakuona unamaliza kidato cha nne, na ile siku ya mahafali, wewe ulipomuuliza kwa nini kavaa asumini wakati siyo harusi, hakukujibu. Nimekujibu mimi.

Sasa ya safari yako. Plagi zetu za pini tatu bapa zinaingia Dubai na Hong Kong bila shida, lakini Guangzhou haziingii, na adapta za uwanja wa ndege ni ghali. Ninazo mbili, na ile mizani ya kuning'iniza bado nzima. Njoo Jumamosi uchukue, na uje na pasi yako nitazame ina miezi mingapi kabla ya kuisha, maana ikiwa chini ya miezi 6 watakusumbua. Orodha ya oda uliyonitumia nimeisoma: viatu vya watoto punguza, mabegi ya shule ongeza, shule zinafungua Januari. Nitapika wali wa nazi, mwambie na mumeo.

Mama yako akupendaye